Kabalo: Fili ikizikwa ndani ya sima, ganda lake ndilo linaamua

Katika nchi za baridi, kama Ubelgiji au Kanada, watu wanalipa pesa ili sakafu ya nyumba ipate joto. Kable maalum inazungushwa chini ya vigae, inafunikwa na sima, kisha umeme unapita na kuipasha sakafu joto. Ndugu zetu wanaoishi kule wanazijua sakafu hizo, hasa za bafu. Kabalo, ambako usiku wa Oktoba mtu anatoa kiti nje kutafuta upepo, hakuna atakayemwomba fundi kazi kama hiyo.

Lakini kitu hicho hicho kinaweza kuingia ndani ya nyumba bila mwenyewe kujua. Fili nyembamba inazikwa ukutani au chini ya sakafu, inabebeshwa umeme kupita uwezo wake, na inaanza kupata joto kama ile kable ya Ulaya. Tofauti ni moja tu: ya Ulaya ilitengenezwa ili ipate joto na ganda lake lilichaguliwa kwa kazi hiyo. Hii ya kwetu ilichaguliwa kwa bei.

Tufanye hesabu, ni fupi. Fili ya shaba ya milimita 1,5, ile ya kawaida ya taa, ina ukinzani wa omu 12,1 kwa kilomita. Ikibeba ampea 16, kila mita inatoa wati 3 hivi za joto, na hapo hakuna shida. Tuseme sasa kwenye laini hiyo hiyo mtu ameunga mashine ya kuchomelea vyuma, inavuta ampea 30 kutoka kwenye grupe. Umeme umekaribia kuwa mara mbili, lakini joto halipandi mara mbili, linapanda karibu mara nne. Kila mita ya fili inatoa karibu wati 11, na kwa kuwa fili mbili zinalala pamoja, kila mita ya ukuta inapokea karibu wati 22. Kable ya kupasha sakafu kwa kawaida inatoa kati ya wati 10 na 20 kwa mita. Kwa hiyo mwenye nyumba huyo ameshajenga sakafu ya joto ya Kizungu, na hajui.

Kabalo, umeme wa watu wengi unatoka kwenye pano za sola na grupe. Kalemie wana mtandao wa SNEL unaolishwa na maporomoko ya Bendera, na Manono wana kituo cha sola tangu 2018. Kwetu kila nyumba ni kama kampuni yake ndogo ya umeme: baba mwenye nyumba ndiye mkurugenzi, na fundi wa mtaa ndiye mhandisi. Kwa sababu hiyo, kosa la kuchagua kable haliwezi kusahihishwa na mtu wa juu. Linabaki ndani ya ukuta.

Wengi wanauliza bei, kisha unene wa fili. Wachache wanauliza ganda ni la nini. Na ganda ndilo linaloamua miaka.

Ganda la fili nyingi sokoni ni PVC. PVC yenyewe ni ngumu, kama tiyo ya kijivu ya maji. Ili ilainike na kukunjika inachanganywa na vilainishi, aina ya mafuta. Mkemia wa Marekani Waldo Semon, wa kampuni ya B.F. Goodrich, alipata njia hiyo mwaka 1926, na tangu hapo PVC imefunika waya za dunia nzima. Ni nzuri: ni bei ndogo, haishiki moto haraka, na moto ukiondolewa inazimika. Ubaya wake ni kwamba vile vilainishi vinatoka polepole, na joto ndilo linavitoa. Fili iliyokaa miaka kwenye joto inakuwa kavu; ukiikunja ganda linapasuka kama ganda la yai. Hapo shaba inabaki uchi ndani ya ukuta wako.

Kiwango cha PVC ya kawaida ni digrii 70, na hiyo ni joto la shaba yenyewe wakati umeme unapita, si joto la hewa. Wahandisi wana kanuni yao ya kukadiria: kila digrii 10 za ziada zinapunguza umri wa ganda karibu nusu. Ganda la miaka 30 linakuwa la miaka 15, likizidi tena linakuwa la 7 au 8.

Mtu atasema, digrii 70 ni nyingi, Kabalo haifiki huko. Hewa haifiki, ni kweli. Ila jedwali za kimataifa zinazosema fili fulani inabeba ampea fulani zinahesabu hewa ya digrii 30. Hewa ikifika 40, fili ya PVC inapaswa kubeba asilimia 87 tu ya kiwango chake. Ikifika 50, asilimia 71. Ikifika 60, nusu. Wewe panda saa nane mchana juu ya dari iliyo chini ya mabati, mahali ambapo fundi amepitisha fili zote za nyumba, halafu uniambie kama kule kuna digrii 30.

Kuna ganda la pili, linaloitwa politheleni iliyounganishwa. Kwenye karatasi za Kiingereza wanaandika XLPE, na kwa Kifaransa PR. Chembe zake zimefungwa moja na nyingine kama wavu, kwa hiyo joto likipanda haiyeyuki kama plastiki ya kawaida. Kampuni ya General Electric ya Marekani iliitoa mwaka 1963. Yenyewe inavumilia digrii 90 kwenye shaba, na kukitokea shoti inavumilia digrii 250 kwa muda mfupi, wakati PVC inaishia 160. Haina vilainishi vya kukauka, na hainywi maji kirahisi. Kasoro yake ni kwamba ikishika moto peke yake inaendelea kuwaka, ndiyo maana juu yake wanaweka ganda la pili la PVC. Kwenye digrii 60 chini ya mabati, hii bado inabeba asilimia 71 pale ambapo PVC peke yake imebaki na 50.

Kabla ya hizo zote ganda lilikuwa mpira wa mti. Mahitaji ya mpira yalipopanda Ulaya na Marekani mwishoni mwa karne ya 19, kwa ajili ya matairi na kwa ajili ya waya za umeme na telegrafu, ni misitu ya Kongo na watu wake waliolipa chini ya Leopold II. Hata shaba ya ndani inatoka ardhi ya Katanga, jimbo ambalo liliitwa Shaba toka 1971 hadi 1997, na Kabalo ilikuwa ndani yake. Leo shaba hiyo inaturudia imekunjwa koili, tena mara nyingine si shaba kamili. Tutafika hapo.

Kwanza, namna ya kusoma kable. Kabalo ni njiapanda: reli inakwenda Kalemie, Kamina na Kongolo, na Lualaba inapita hapa. Tangu reli ilipofika ziwani, mwaka 1915, mali ya Kigoma na ya Dar es Salaam inatufikia kwa njia hiyo, na ya Lubumbashi inapanda kutoka kusini. Ndiyo maana katika duka moja unakuta kable za lugha tatu. Herufi zilizochapwa juu ya ganda ndizo kitambulisho chake, na mnunuzi yeyote anaweza kuzisoma.

Ukiona VOB, hiyo ni ya Kibelgiji, fili moja yenye ganda la PVC. Ukiona H07V-U au H07V-K, ni fili ya namna hiyo hiyo kwa majina ya Ulaya; herufi V ndiyo PVC, U ni shaba ngumu ya uzi mmoja, K ni ile laini ya nyuzi nyingi. Wachina wanaiandika BV. Zote hizo ni digrii 70, na zote zina ganda moja tu: hazizikwi uchi ndani ya sima, lazima zipite ndani ya tiyo.

Ukiona XVB, X ya mbele inakuambia kwamba ganda la ndani ni ile politheleni ya digrii 90, na V ni PVC ya nje. Wafaransa wanaita kable ya aina hiyo U-1000 R2V, Wachina YJV. EXVB ni ndugu yake wa kuzikwa ardhini, kwa mfano kutoka kwenye kibanda cha grupe mpaka nyumbani. Kwa nyumba ya joto kama zetu, ningeweka pesa hapo: juu ya dari, na kwenye laini zote za mashine nzito. Taa za ndani zinaweza kubaki na VOB, zinavuta umeme mdogo.

Ile kable nyeupe laini ya H05VV-F, inayouzwa kwa mita kwa ajili ya kuongeza redio au televizyo, ni ya vyombo vinavyohamishwa. Kuizika ukutani ni kosa, na ni kosa linalofanyika sana kwa sababu inapinda vizuri na fundi anamaliza mapema.

Sola ina kable yake: H1Z2Z2-K. Jina ni la ajabu lakini likariri au liandike kwenye simu. Ina maganda mawili yasiyoyeyuka, inavumilia jua, na ilipangiwa kudumu miaka 25, sawa na pano yenyewe. Fili ya PVC ya nyumbani ikiwekwa juu ya mabati jua linaipasua baada ya misimu michache. Kama huna njia ya kupata ile ya sola, chukua yenye ganda jeusi kuliko nyeupe au nyekundu, maana masizi yanayowekwa kwenye plastiki nyeusi yanazuia jua, na uipitishe ndani ya tiyo.

Hapa kuna imani moja ya kuondoa. Watu wanasema volti 12 haiui, kwa hiyo fili yoyote inatosha. Volti 12 haitakurusha, ni kweli. Lakini kifaa cha wati 300 kwenye 220 kinavuta ampea 1,4, na kifaa hicho hicho kwenye 12 kinavuta ampea 25. Ni ampea ndizo zinachoma ganda, si volti. Tena cheche ya umeme wa batri ni ngumu kuzimika kuliko ya grupe. Kati ya batri na konvatiseri panahitaji kable nene na fupi, na fuzi karibu kabisa na batri. Nyumba inaweza kuungua kwa volti 12 bila mtu hata mmoja kurushwa.

Sasa ile shaba isiyo kamili. Kuna fili za aluminiamu zilizopakwa shaba nje. Ukikata unaona rangi nyekundu na unaridhika. Kwikwangua na kisu kunaonyesha weupe ndani. Sumaku haitakusaidia, aluminiamu haivutwi. Fili hiyo ina ukinzani wa mara moja na nusu wa shaba, kwa hiyo kwenye umeme ule ule inatoa joto mara moja na nusu, na ganda linapikwa. Zaidi ya hayo, aluminiamu ikigusana na sima mbichi inaliwa, kwa sababu sima ina chumvi kali ya aina ya majivu.

Kipimo kizuri kiko sokoni tayari: mizani ya mahindi. Shaba ina uzito unaojulikana. Koili ya mita 100 ya milimita 2,5 ina karibu kilo 2,2 za shaba peke yake, na pamoja na ganda inapita kilo 3. Ya milimita 1,5 ina kilo 1,3 za shaba, na pamoja na ganda inakaribia 2. Koili ya 2,5 ikipimwa ikatoa kilo 2 jumla, rudisha. Ama si shaba, ama si mita 100, ama ganda ni jembamba. Huna haja ya kujua ni lipi kati ya hayo. Kuhusu wembamba, ganda la H07V linapaswa kuwa milimita 0,7 kwa fili ya 1,5, na milimita 0,8 kwa ile ya 2,5. Omba kipande kifupi, kikunje mara kumi mahali pamoja, kikwaruze kwa ukucha. Ganda linalotoka kwa ukucha halitavumilia kuvutwa ndani ya tiyo yenye kona nne.

Maadui wengine hawasomi herufi. Panya anatafuna kwa sababu meno yake ya mbele hayaachi kukua. PVC, politheleni, mpira, kwake ni kitu kimoja. Mchwa anafuata unyevu na mbao. Hakuna ganda la bei ya kawaida litakaloshinda hao wawili, na muuzaji anayekuahidi ganda la kumshinda panya anakudanganya. Dawa ni tiyo, iliyozibwa mdomo kwenye kila kisanduku. Na kuhusu tiyo yenyewe: ile ya rangi ya chungwa yenye mikunjo inasambaza moto ikiwaka. Ilitengenezwa ili izikwe yote ndani ya sima au zege. Kuiacha wazi juu ya dari, kama tunavyoona, ni kuwawekea moto njia ya kupita. Ya kijivu inayozuia moto ndiyo ya dari.

Maji nayo. Lualaba ikijaa, au mvua ikiingia chini ya mlango, maji hayapiti katikati ya kable nzima. Yanaingia kwenye viungo. Pale ambapo fundi amesokota fili mbili na kuzifunga kwa utepe mweusi wa chatertoni, kisha akapaka sima juu, ndipo pabovu. Gundi ya utepe inalainika kwa joto, utepe unafunguka, unyevu unaingia, shaba inaota kijani, kiungo kinapata joto. Kiungo kisizikwe kamwe. Kikae ndani ya kisanduku chenye mfuniko unaofunguka, juu ya mahali ambapo maji yaliwahi kufika, na majirani wazee wanajua yalifika wapi.

Turudi kwa wale wa sakafu za joto, maana kuna jambo wanalofanya ambalo halihitaji utajiri. Kable yao ina ganda la ndani la politheleni iliyounganishwa au plastiki aina ya teflo inayovumilia zaidi ya digrii 200, kisha wavu wa chuma uliofungwa kwenye ardhi, kisha ganda la nje. Ukwaruzo ukifika kwenye wavu, disjonkta ya miliampea 30 inakata kabla mtu hajarushwa. Pamoja na hayo yote bado hawaiamini. Wanaipima mara tatu: ikitoka kwenye koili, ikishalazwa kabla ya sima, na baada ya sima. Wanaandika namba kwenye karatasi na mwenye nyumba anabaki nayo. Kisha wanangoja sima ikauke vizuri, mara nyingi wiki nne, ndipo wanawasha.

Sisi mara nyingi tunapima mara moja, siku ya kuwasha ampuli, wakati ukuta umeshapakwa rangi. Ampuli kuwaka haisemi chochote kuhusu ganda. Fili iliyokwaruzwa na mwiko wa mwashi inawasha ampuli vizuri kabisa, mpaka ukuta upate unyevu.

Kipimo cha ganda kinaitwa megometri. Kinasukuma volti 500 kati ya fili na fili, na kati ya fili na ardhi, vyombo vyote vikiwa vimeondolewa, na kinaonyesha kama kuna mahali umeme unavuja. Namba isiwe chini ya megaomu 1. Kable mpya inatoa zaidi sana. Si kila fundi anacho. Lakini mafundi watano wanaweza kununua kimoja, na mwenye nyumba anayejenga vyumba vinne anaweza kusema kabla ya kazi kuanza: sitalipa malipo ya mwisho bila karatasi ya vipimo viwili, kabla ya sima na baada. OCC ina kazi ya kukagua bidhaa zinazoingia nchini, lakini mkaguzi hatakuja kuinama chumbani kwako siku mwashi anachanganya sima. Siku hiyo ni wewe.

Na aliyeshazika fili mbaya? Kuna mambo ya kufanya bila kuvunja ukuta. La kwanza, angalia disjonkta. Kama laini ni ya milimita 1,5 na juu yake kuna disjonkta ya 32, iliyowekwa ili isikate kila mara, itoe leo na uweke ya 16. Kama fili inapita chini ya mabati au unashuku si shaba kamili, weka ya 10. Itakata, watoto watalalamika, na hiyo ndiyo kazi yake. La pili, ondoa mashine nzito kwenye laini ya zamani: pasi, jiko, mashine ya kuchomelea, pampu ya maji. Zitolee kable yake ya XVB au R2V ya milimita 4, inayopita nje ya ukuta mahali panapoonekana. Haipendezi, lakini utaiona ikianza kuharibika. La tatu, kama fili zilipita ndani ya tiyo, mwite fundi afunge fili mpya kwenye mkia wa ya zamani na kuvuta. Kama hakuna tiyo, iachie laini hiyo taa peke yake, na saa moja baada ya kuwasha kila kitu gusa ukuta kwa kiganja pale inapopita. Ukuta ukiwa na joto kuliko ukuta wa pembeni, izime.